Dimbwi Nyuma ya Kioo Cheusi

Daktari alimuuliza mume wangu anafanya kazi gani, naye akajibu kwa fahari, kifua mbele, "Nafundisha kuchomelea vyuma." Daktari akaweka kalamu chini. Nilijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika, maana daktari yule alikuwa haachi kuandika hata akipiga chafya.

Tulikuwa tumekwenda kukaguliwa betri. Hivyo ndivyo ninavyokiita mimi kile kifaa walichompachika chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega la kushoto, ili kiusukume moyo wake kila unapozubaa. Kabla ya hapo alikuwa akianguka ovyo, mara bafuni, mara mlangoni mwa darasa, na safari moja aliangukia rundo la nguo za wateja wangu, nikaanza kumgombeza kabla sijajua kuwa hanisikii. Betri ilikomesha hayo yote. Sasa daktari akatueleza kwamba mashine ya kuchomelea ikifanya kazi, umeme mkubwa unaopita kwenye nyaya zake unaweza kukichanganya kile kifaa, kikadhani moyo unapiga wenyewe kumbe umesimama. Kwa hiyo asiishike tena, asikae karibu nayo, na nyaya zake aziogope kama nyoka.

"Hata kijiti kimoja?" mume wangu aliuliza.

"Hata nusu, mzee wangu."

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti chake akatazama mikono yake, juu na chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu na hakumbuki aliwahi kukiazimisha.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Cheche. Mimi mwenyewe namwita Mwalimu, hata tukiwa wawili, na akiniudhi naongeza "mkuu". Jina la Cheche lilitokana na mashati yake. Mimi ni fundi cherehani, chumba chetu cha mbele kimejaa nguo za watu zilizonyooka, lakini mume wangu hajawahi kuvaa shati lisilo na vitundu vidogo vidogo vya moto kifuani. Majirani walikuwa wakimwona wanasema kinyozi hajinyoi. Nilikuwa naziba vitundu hivyo kila mwisho wa juma, naye anaenda kuleta vingine Jumatatu.

Karakana ya shule anakofundisha ni chumba kirefu cha bati, madirisha yake ya wavu, na ukutani vimepangwa vibanda vilivyotenganishwa kwa mapazia mazito ya turubai ili moto wa mmoja usiumize macho ya mwingine. Mapazia hayo nilishona mimi, yakanivunjia sindano nyingi. Kila kibanda kina meza ya chuma na mashine yake, na mashine ina nyaya mbili nene: moja inabanwa kwenye meza, nyingine inaishia kwenye kishikio cha kubania kijiti. Kijiti ndicho kinachowaka na kuyeyuka, nacho kinaunganisha chuma na chuma. Hayo niliyajua tangu nilipoolewa, kama mke wa mwokaji anavyojua unga.

Mwanzoni mwa mwaka huwa hawapi wanafunzi moto. "Mkono kwanza, moto baadaye," anasema. Wanakaa na vijiti baridi, wanafuata mistari ya chaki juu ya bati, wananung'unika kwamba walikuja kujifunza kuchomelea, si kuandika. Siku ya moto ikifika anawaambia wakwaruze kijiti kama njiti ya kiberiti, wasidonoe kama kuku, kwa sababu ukidonoa kinaganda. Na kikiganda, kila mwanafunzi mpya huvuta kwa nguvu mpaka meza inamfuata. Yeye husimama pembeni amekunja mikono na kusema haraka haraka haina baraka, kisha anawaonyesha jinsi ya kukizungusha kiganja kidogo tu, kijiti kikabanduka chenyewe.

Halafu anawafundisha kusikiliza. Moto mzuri una sauti ya vitunguu vinavyokaangwa kwa mafuta ya kutosha. Ukiwa mbali na chuma, sauti inatapakaa na kutema mate. Ukisogea mno, inakabwa. Lakini kubwa kuliko yote, somo alilokuwa akilirudia mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza nyuma ya darasa, lilikuwa hili: "Usitazame moto. Moto ni wa wapita njia. Tazama dimbwi lililo nyuma yake."

Hilo dimbwi, jamani. Alikuwa akirudi nyumbani na kulichora kwa kidole juu ya meza ya chakula, jinsi chuma kinavyokuwa maji kidogo tu chini ya kijiti, jinsi linavyotembea, jinsi linavyogeuka kuwa chuma tena nyuma yake. Nami naitikia naam, naam, huku napenyeza uzi kwenye tundu la sindano. Dada yangu nilikuwa nikimwambia kwamba nina mke mwenza wa chuma, tena anakula umeme kuliko jokofu. Tunacheka. Utani wenyewe ulikuwa na ukweli ndani yake, maana sijawahi kumwona mume wangu akielekea mahali popote kwa mwendo ule aliokuwa akielekea nao karakana asubuhi.

Mwalimu mkuu wa shule hakumfukuza. Alimwachia masomo ya ubaoni, na kazi ya mikono akampa kijana mmoja mwenye adabu nyingi, ambaye mume wangu mwenyewe alimfundisha. Kijana huyo alichora mstari wa chaki kwenye baraza ya karakana, mbali na mlango, na nje ya mstari akaweka benchi. Mashine zikiwaka, Mwalimu Cheche anakaa kwenye benchi. Wanafunzi wanamletea vipande vyao vikishapoa, anavigeuza, anavipitishia kidole gumba, anamwambia mtu mahali alipoogopa na mahali alipopata kiburi. Hakosei. Lakini nilipita pale siku moja na mzigo wa nguo kichwani nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa amefumba macho, sikio kaelekeza ukutani, mkono wa kulia umekunjwa juu ya goti kama umeshika kitu.

Kisha akaanza kuja jikoni. Mume wangu hakuwa mtu wa jikoni. Nilidhani ni njaa, nikafurahi, maana tangu aanze kuumwa alikuwa anachokoachokoa chakula. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mimi nakaanga vitunguu. Mara ananiambia, "Punguza moto kidogo." Napunguza. "Kidogo tena. Hapo. Hapo hapo." Nikageuka nimwambie kwamba mimi nimepika kabla hajajua kula, nikakuta amefumba macho kama vile kule kwenye benchi. Nikaelewa. Niligeukia sufuria nikalia, na vitunguu vikanistiri.

Shule ilipofunga nilipeleka mapazia mapya ya ofisi. Mume wangu alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kwa kinyozi. Nilipopita karakana nikaona mlango umeachwa wazi kidogo, na ndani ya kibanda cha mwisho, mtu amesimama amevaa kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso wote na kuacha kidirisha cha kioo cheusi. Mkononi ana kishikio, na kishikio kina kijiti kipya. Miguu ile naijua.

"Haijawashwa," alisema kutoka ndani ya kofia.

"Naona. Inua hiyo kofia, nikuone uso."

Akainua. Hakuwa na aibu, na hilo liliniogopesha kuliko kama angekuwa nayo.

"Nataka kuliona mara moja tu," alisema. "Kijiti kimoja. Halafu basi."

"Na moyo?"

"Labda hautajua."

"Mwalimu, wewe unataka kuliona mara moja. Mimi nataka kukuona wewe mara nyingi."

"Ungekuwa umeliona usingesema hivyo."

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nilimwambia hicho ni chuma kilichoyeyuka, chuma tu, hata sufuria yangu ya bati ingeyeyuka kama ningeisahau jikoni, na hakuna mtu angekufa kwa ajili yake. Akanitazama kwa upole, kama anavyomtazama mwanafunzi ambaye hataki kumwambia kwamba amefeli. Upole ule ndio ulioniumiza.

"Siku moja nitaiwasha," alisema taratibu. "Nakwambia mapema usije ukashangaa."

Mume wangu si mtu wa vitisho. Nilijua kwamba amesema kweli, na nilijua kwamba siwezi kukaa mlangoni mwa karakana maisha yangu yote. Kwa hiyo nilimwomba muda. Nilimwambia asiiguse swichi ile mpaka nimruhusu mimi. Akauliza kwa nini.

"Miaka yote nimekungoja wewe chakula kikipoa," nikamjibu. "Sasa ningoje mimi."

Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Ana kasoro zake, kukoroma ikiwa ya kwanza, lakini ahadi havunji.

Jumamosi karakana hufunguliwa kwa watu wazima wanaotaka kujifunza. Nilimuaga mume wangu kwamba nakwenda kupima wateja, nikaenda kusimama kwenye foleni pamoja na seremala mmoja aliyechoshwa na mbao na mama mwenye duka aliyetaka kujitengenezea mlango ambao wezi hawatauweza. Yule kijana, mwalimu mpya, aliponiona alitaka kuingia chini ya meza.

"Shikamoo, mama. Mwalimu anajua?"

"Marahaba. Hajui. Na atakayemwambia nitamshonea suruali ya mguu mmoja."

Nia yangu ilikuwa fupi na safi. Nilitaka kwenda kumwona huyo mke mwenzangu uso kwa uso, kisha nirudi nyumbani niseme: nimeliona dimbwi lako, si lolote si chochote, kaa hapa tule. Nilitaka kulisema hilo nikiwa na haki ya kulisema.

Nisiwadanganye, sikuwa mwanafunzi mzuri. Mkono wangu ulikuwa tayari, kwa sababu mkono wa mshonaji umeshazoea kwenda polepole kwenye mstari. Uoga ndio ulionishinda. Kila nilipokwaruza kijiti na moto ukaruka, nilifumba macho, ndani ya kofia, nyuma ya kioo cheusi, mahali ambapo hakuna hata cheche ingenifikia. Nilichomelea nikiwa kipofu. Kijiti kikaganda, nikavuta, meza ikanifuata kama walivyofuatwa wengine wote. Mama wa duka akacheka mpaka akakaa chini.

Nilipoacha kufumba macho, nikawa naona moto peke yake, mwanga mkali uliojaza kioo chote. "Unatazama moto, mama," kijana aliniambia. "Moto ni wa wapita njia." Alisema kwa sauti ya mume wangu, bila kujua, na nilishikwa na hamu ya mume wangu nikiwa nimeachana naye asubuhi ileile.

Halafu Jumamosi moja, sijui nilifanya nini tofauti, pengine nilikuwa nimechoka kuogopa, moto ukasogea pembeni. Haukwenda popote, ni jicho langu lililoacha kuushangaa. Na nyuma yake nikaliona.

Ni dogo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni dogo hivyo, halizidi kifungo cha shati. Lilikuwa linatetemeka ukingoni, laini, linang'aa, hai kabisa. Nikisogea linanifuata. Nikichelewa linatanuka linaningoja. Na nyuma yake linajikunja na kuganda, mkunjo juu ya mkunjo, kama utando wa maziwa unapopulizwa. Nilikuwa nasikia vitunguu. Sikuwakumbuka wateja wangu. Betri sikuikumbuka, wala daktari. Mume wangu mwenyewe, ambaye nilikuja pale kwa ajili yake, hata yeye sikumkumbuka, na hilo nilipoligundua baadaye lilinitisha.

Kijiti kikaisha. Nilipoinua kofia, karakana ilikuwa chafu na ya kawaida, na nilikasirika kama mtoto aliyeamshwa. Nikanyoosha mkono kuomba kingine.

Wiki ile yote nilishona vibaya. Nilikuwa najua kwamba ule uongo nilioutayarisha hautatoka mdomoni. Na ukweli ungetoka vipi? Nikimwambia nililoliona, nitakuwa nimemshika mkono na kumpeleka kwenye swichi mwenyewe. Usiku nilikuwa nasikiliza akikoroma, nikamshukuru Mungu kwa kila mkoromo.

Mwisho wa masomo yetu, kijana alimwalika Mwalimu Cheche aje akague vipande vya watu wazima. Hakunidokeza. Nilikuwa kibandani namalizia kipande changu, nikaweka kofia chini, nikasikia kikohozi chake nje. Nikabaki nyuma ya pazia la turubai, natazama kupitia upenyo. Mashine zote zilizimwa, lakini kwa mazoea hakuvuka mstari wa chaki. Alikaa kwenye benchi, akapokea kipande cha seremala. Akasema huyu anakimbia. Cha mama wa duka, akasema huyu ana nguvu, mlango wake hautavunjika, lakini hautafunguka pia. Watu wakacheka. Kisha akapokea changu, ambacho kijana alikuwa amekichukua kibandani kikishapoa.

Akakipitishia kidole gumba kutoka mwanzo. Nilijua mwanzo wake ni mbaya. Kidole kikatembea mpaka mwisho wa mstari, kikasimama. Kikarudi, kikasimama tena.

Wanafunzi wapya wote, kijiti kinapofika mwisho, hukinyanyua ghafla, na pale mwisho panabaki kishimo ambacho baadaye hupasuka. Inachukua muda mrefu kuwafundisha warudi nyuma kidogo na kukijaza kabla ya kuinua mkono. Mimi hakuna aliyenifundisha. Cherehani ndiyo iliyonizoeza, kwamba ukifika mwisho wa kitambaa lazima urudi nyuma hatua mbili tatu, la sivyo uzi unafumuka. Mume wangu amenitazama nikifanya hivyo kila siku ya ndoa yetu.

"Huyu nani kamfundisha kufunga mwisho?" aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu," kijana akajibu, akitazama chini. "Alikuja akijua."

Mume wangu akakirudisha kidole pale mwisho. Kisha akasema, "Mwambie fundi cherehani atoke."

Nilitoka, glavu mkononi, shati langu jema limejaa vitundu kifuani. Wenzangu wakaingia ndani bila kuambiwa, wakajifanya wanafagia. Nikakaa kwenye benchi. Hakuniuliza kwa nini nilimficha, wala tangu lini.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Na?"

"Nilikusudia nije nikwambie si kitu."

"Najua," alisema. "Nakujua."

"Siwezi, Mwalimu. Nimejaribu wiki nzima."

Akainamia kipande changu. Alikuwa bado ameweka kidole pale mwisho. "Miaka yote nimekuwa naliona peke yangu," alisema. "Wanafunzi wanaliona, wanaondoka. Nikirudi nyumbani nachora mezani, wewe unapenyeza uzi."

"Nilikuwa nakusikia."

"Ulikuwa unanisikia. Lakini hukuwa umeliona."

Nilikuwa naogopa kuliko siku ya kijiti cha kwanza, na hapa hakukuwa na kofia ya kujifichia. Nikamwambia lile lililokuwa limenikaa kooni.

"Ukiiwasha utakufa, na mimi nitabaki nalo peke yangu. Nitarudi nyumbani nimeliona, na hakuna mtu wa kumwambia. Wewe unajua hiyo ikoje. Usinifanyie hivyo."

Ndani fagio lilikuwa limesimama. Akavitazama vile vitundu vya shati langu kimoja kimoja, na uso wake ukalegea kwa huzuni ambayo sikuwa nimeiona hata siku ya daktari. Siku ya daktari alikuwa amenyimwa tu. Sasa alikuwa anatoa mwenyewe.

"Sitaiwasha," alisema.

Nilipaswa kufurahi. Ndicho nilichokuwa nimekuja kukitafuta, na nilikipata, na nilichosikia ni uchungu kwa ajili yake, kwa sababu sasa nilijua ukubwa wa alichokiacha. Nikamshika mkono. Ulikuwa mgumu na mkavu, na ulikuwa na vumbi la chuma changu.

"Basi niambie," alisema. "Nimeanza kulisahau. Sauti ninayo, lakini lenyewe linanitoka. Lina rangi gani?"

Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, mimi ambaye wateja huniomba ninyamaze niwapime, nilitafuta pa kuanzia nisipaone.

"Si jekundu," nilisema mwishowe. "Watu wanadhani ni jekundu."

"Si jekundu kabisa."

"Mwanzoni ni kijani, kwa sababu ya kioo. Halafu unasahau kijani."

"Ndiyo," alisema, akafumba macho. "Unasahau kijani. Endelea."